Sumaili bin Kalume, Aliyetufungulia Upepo wa Mto

Miaka kumi na sita, tangu 1289 ya Hijra hadi leo Ijumaa ya kwanza ya Shaabani 1305, Sumaili bin Kalume amekuwa mtunza miti wa makao yetu ya Kindu. Leo anakabidhi jembe. Nimepewa mimi kazi ya kumsifu kwa kuwa nimefika Ujiji, Tabora na Unguja, na kwa kuwa wanaojua kuandika hapa ni watatu, na wawili wana homa.

Alipokuja kutoka Kailo, desturi yetu ilikuwa kufyeka. Nyumba ya mstaarabu sharti iwe na ua mweupe, nyoka akose pa kujificha. Tulikuwa wastaarabu sana, na jua likatubabua vizuri. Sumaili akaambiwa apande miti. Akapanda milimao na michikichi, safu tatu nene kandokando ya mto, maana ndiko maji ya kumwagilia yaliko karibu. Kwa miaka saba tulimsifu. Mimi nilimsifu kuliko wote.

Kisha miti ikafungana. Mtaa wa watwangaji mpunga, nyuma ya safu zile, ukawa chungu kilichofunikwa. Siku moja wanawake wawili walianguka kwa joto wakiwa kinuni. Bi Jamila, mkubwa wao, akamwambia mbele ya watu, "Baba Sumaili, miti yako njo mizuri, lakini inakunywa upepo wetu. Mwezi ukiandama, sisi tunavuka mto, tunahamia Alunguli." Na makao yasiyo na wali ni kambi tu.

Kila alfajiri Sumaili aliweka kibakuli cha mawese yaliyoganda katika kila ua, kisha akazunguka kutazama yapi yanayeyuka kwanza. Mimi nikamuuliza kama jua limealikwa kula. Siku nne mfululizo mawese ya watwangaji yalitangulia kuwa maji. Yale ya kwa Amuri msuka mikeka, mwenye mpera mmoja tu upande wa machweo na ua ulio wazi kwa mto, yalikawia hadi alasiri.

Siku ya tano alishika shoka, akakata miti arobaini aliyoilea mwenyewe, akafungua njia nne kutoka mtoni. Hakutaka msaidizi. Milimao ilikuwa ndiyo kwanza inazaa. Alipopita mlangoni kwangu mikono imepasuka, nilikosa mzaha, na hilo halijanipata hata Unguja. Baadaye akapanda upya, mti mmoja mmoja, upande wa machweo wa kila nyumba, ili ua upate kivuli baada ya adhuhuri na upepo usizibwe.

Mwezi uliandama. Bi Jamila na wenzake hawakuvuka.

Sumaili, tunakushukuru wewe na mkeo Zawadi. Mungu akupe uzee wenye afya na usingizi wa mchana usiokatizwa. Watwangaji wamesema maneno waniachie mimi. Wao wameleta kikapu cha mchele. Wameutwanga jana saa saba mchana, wakiimba.