Jioni Moja Bila Pampu: Risala ya Kikundi cha Mawimbi Marefu kwa Mkurugenzi wa Maji

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maji. Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya jioni. Majirani mliofunga vibanda mapema ili muwe nasi. Mabibi na mabwana:

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, nawe tunakushukuru kwa kukubali kupanda ngazi zetu. Karibu sana. Chumba hiki kilikuwa stoo ya shule, ndiyo maana kuna madawati mabovu nyuma yako. Utuwie radhi kwa joto. Feni ipo, lakini tukiiwasha, mashine yetu ya redio haioni kitu kingine ila feni.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanafunzi wa ukubwani. Yumo fundi cherehani, mchomeleaji wa mageti, mlinzi, muuguzi mstaafu, nami ninayewasomea risala hii, mpishi wa bweni. Tulikuja kujifunza hesabu na kuandika. Mwalimu wetu wa hesabu, tunayemwita Mwalimu Nukta, zamani alifanya kazi ya redio melini, akipokea kwa masikio ujumbe wa nukta na vistari. Kisha masikio yakaziba, na daktari akasema hayatazibuka tena. Mwalimu akaifunika redio yake kwa kitambaa.

Mchomeleaji ndiye aliyegundua kwamba wapo watu duniani, wasio na kampuni wala mshahara, wanaowasiliana kwa masafa ya chini kabisa ya redio, yenye mawimbi marefu. Huko ujumbe huenda polepole mno, hata hausikilizwi, unatazamwa. Kompyuta huuchora kwenye kioo. Nukta moja huchukua dakika nzima, na chai hupoa kikombeni kabla herufi haijaisha. Tukamwandikia Mwalimu ubaoni: "Huku hakuhitaji masikio." Akasoma, kisha akasema, "Basi nileteeni waya."

Tuliomba leseni, tukapewa pamoja na jina la kuitana hewani. Waya tuliufunga kutoka paa la shule hadi mnara wa zamani wa maji, kwa kibali cha mtangulizi wako. Ni mrefu kuliko uwanja wa mpira, lakini kwa mawimbi haya ni sindano tu, maana wimbi moja linaupita mji huu kwa urefu.

TULICHOFANIKIWA

Mafanikio yetu ya kwanza yalikuwa ya uongo. Tuliona mistari imejipanga kwenye kioo, imenyooka kama shamba la mtu mwenye bidii. Muuguzi akaanzisha wimbo wa shukrani, tukapiga magoti. Mwalimu akatazama, akacheka: "Huyu anabisha hodi jioni nzima na hataji jina. Nendeni kwenye zizi." Kweli, ulikuwa uzio wa umeme wa jirani yetu mfuga ng'ombe. Sala yetu hatukuirudisha; ng'ombe nao ni wa Mungu.

Ya pili ni ya kweli. Wenzetu walio nchi jirani, ng'ambo ya milima, walitutumia picha ya kioo chao, na jina letu lote lilikuwamo, herufi kwa herufi. Lakini kwa kanuni za kazi hii, hayo bado si mawasiliano. Ni lazima nao watujibu kwa njia ya hewa, tuwaone, kisha tuwathibitishie kwa njia hiyo hiyo. Picha ya simu haihesabiwi.

KINACHOTUKWAMISHA

Wenzetu hutujibu kila Jumamosi jioni. Tunaona herufi mbili za mwanzo za jina lao, halafu kioo kinajaa ukungu mweupe. Tukaanza kushukiana.

"Ni hilo dude lako la kuchomelea," fundi cherehani alimwambia mchomeleaji.

"Dada yangu, leo sijawasha hata kiberiti. Iulize cherehani yako."

"Cherehani yangu ni ya miguu! Au miguu yangu nayo ina umeme?"

Majirani walitusaidia. Walizima taa na majokofu, hata televisheni siku ya mechi, wema ambao hatutausahau. Ukungu ukabaki. Ndipo mlinzi akatembea na kipokezi kidogo mkononi, akiifuata ile kelele kama mtu anayefuata harufu ya chakula kinachoungua. Akaishia kwenye mlango wa chumba cha pampu mpya, chini ya mnara.

Mgeni rasmi, hatuilaumu pampu. Kabla yake tulipanga ndoo foleni alfajiri. Leo mama zetu wanaibariki, nasi pia. Ila huanza kunguruma watu wanaporudi makwao na kufungua mabomba, na saa hiyo ndiyo wenzetu wanatujibu. Zaidi ya hayo, tumesoma tangazo kwamba mnara wa zamani utabomolewa wiki ijayo. Hatuna mahali pengine pa juu pa kufunga waya.

TUNACHOOMBA

Tunaomba mnara ubaki hadi tupate nguzo. Tunaomba pia pampu izimwe Jumamosi hii, kuanzia jua linapozama hadi majirani wanapolala. Tumepita nyumba kwa nyumba, na wamekubali kuchota mapema. Zahanati ina tangi lake. Muuguzi amelikagua mwenyewe.

Kama yote mawili hayawezekani kwa pamoja, bomoa mnara, utupe Jumamosi.

Mwalimu alitukataza kusema haya. "Msiniombee kwa wakubwa," alisema. "Niombeeni kwa Mungu, yatosha." Kwa Mungu tumemwombea na tutaendelea, lakini funguo za pampu unazo wewe. Kila Jumamosi anaketi mbele ya zile herufi mbili kama mtu aliyeitwa nusu ya jina: hawezi kuitika, wala hawezi kuondoka.

Ameketi mstari wa mbele, kulia kwako. Mkewe amemshika mkono, na kila tunachosoma anamgongea kiganjani kwa nukta na vistari. Kwa hiyo sasa anajua kwamba tumemkaidi. Jibu lako nalo litapita hapo hapo. Tunakuomba, utakaposimama, useme polepole.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, ayabariki maji unayotuletea na mikono inayoyasukuma. Amina.

Ni sisi wanafunzi wa ukubwani,
Kikundi cha Mawimbi Marefu, Shule ya Jioni