Kona Tatu za Mwalimu Teodosia

Tarehe 31 Desemba 1958 Mwalimu Teodosia Kornel anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha hesabu Ruangwa na Nachingwea. Wapo watakaoshusha pumzi. Sisi hatumo.

Alianza Likunja, akahamia kwetu Naipingo mwaka 1949. Ni mkali wa kazi na hodari wa kucheka. Mtoto akikadiria pembe kwa macho tu, humrudisha akapime upya, na akipatia humpigia makofi yeye mwenyewe.

Mwaka 1952 mkaguzi wa shule aliamuru wasichana waachishwe somo la pembe, wafundishwe kushona. Eti pembe za nini kwa mtu wa jikoni! Akabeba vipimapembe vyote. Tulikasirika mno. Mwalimu Teodosia alimjibu kwamba vyema, watashona.

Na kweli walishona. Kila msichana alikata kitambaa cha pembetatu, nyembamba au pana apendavyo, akazikata kona zake tatu, akazishona kwenye foronya zikiwa zimebanana, ncha zikigusana. Kila mara ukingo ulinyooka kabisa: digrii mia na themanini. Hapo wakaanza kukokotoa. Kona moja ikiwa sabini na nyingine hamsini, ya tatu ni sitini, haina pa kukimbilia.

Mkaguzi aliporudi alisifu mishono, akaomba mto mmoja wa kiti chake. Kisha akamwuliza Hajira, binti wa darasa la nne, pambo lile ni la nini. Hajira akamweleza yote, hadi jawabu. Loo! Bwana alihamaki, akataka Mwalimu aombe radhi ama aache kazi.

Mwalimu aligoma. Alisema mbele yetu sote kwamba ataomba radhi siku atakapoletewa pembetatu ambayo kona zake zinakataa kunyooka, akamkabidhi mkasi. Mkaguzi akakata moja ya ovyo kabisa, ndefu kama mwiko. Hajira akazishona kona zake. Zikanyooka. Bwana aliondoka, mto kwapani, na barua ya kumwachisha kazi haijafika hadi leo. Vipimapembe navyo havijarudi.

Sasa tunasikia kuna wanaosema kwamba Mwalimu akiondoka, na pembe za wasichana zitaondoka naye. Wathubutu!

Mwalimu, asante kwa kazi yako, na kwa ubishi wako hasa. Ukapumzike salama nyumbani Mbwemkuru, uwe na afya na vicheko tele. Januari Hajira anaanza kufundisha hapa. Mkasi wako tumemkabidhi, na wasichana watashona.