Goti la Panji na Mikono ya Pak Karmin

Kwa Yu Parti, mama mwenye kibanda cha kahawa hapa Lasem, kahawa moja hunywewa mara mbili. Kwanza unainywa kwa mdomo. Halafu yale mashapo yaliyobaki unayachota kwa njiti, unayapaka kwenye sigara kwa mistari myembamba kama mtu anayechora batiki, unayaacha yakauke, ndipo unawasha. Kazi hiyo haitaki haraka, na watu wasio na haraka lazima waongee. Asubuhi ile ya Jumapili walioongea walikuwa watatu, wale wale wa benchi la nje. Kang Darso, fundi baiskeli, walimwita Refa kwa sababu aliwahi kuchezesha fainali moja ya vijiji na filimbi hajaivua shingoni mpaka leo. Giman walimwita Runinga, maana mechi zote huziangalia kwenye simu na kila tukio hulirudia mara kumi. Na Pak Karmin, mkandaji, mzee wa miaka sitini na mitatu, walimwita Mikono. Hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini.

Siku hiyo hawakuwa wanapiga soga tu. Klabu yao, Bintang Segara, ilikuwa imeomba kila tawi la mashabiki litoe neno kabla ya adhuhuri: Panji, kiungo wao, mtoto wa mji huu huu, abaki msimu ujao au aachwe? Tawi la Lasem lilikuwa benchi hili. Na kwa desturi yao kura hazipigwi. Wanaongea mpaka wote waseme neno moja, hata kama kahawa itaisha Java nzima.

– Tuwe wakweli, Giman alianza. Mechi thelathini na nne, kacheza tisa. Tisa, jamani! Mimi na uvivu wangu nimehudhuria mazishi mengi kuliko yeye mechi.

– Na hizo tisa tumefungwa ngapi? Refa akauliza.

– Hata moja.

– Sasa unabweka nini?

– Nabweka ishirini na tano zilizobaki! Unanunua pikipiki nzuri, inang'aa, ina mbio, lakini kila ukifika njia panda inazima. Utaisifu?

– Nitamtafuta fundi.

– Fundi gani? Madaktari wa klabu wamemfunga bandeji mpaka anafanana na lemper, wali uliofungwa kwenye jani la mgomba.

Yu Parti, aliyekuwa akikaanga tempe za soya, akacheka. Pak Karmin hakucheka. Alipaka sigara yake mstari wa tatu. Alikuwa na neno lake, na alijua likitoka litafunga mjadala. Alikuwa anawaacha kwanza wachoke.

– Mimi nimelichunguza jambo hili, Refa alisema akishusha sauti. Tatizo si goti. Tatizo ni uwanja. Nimeupima kwa hatua zangu mwenyewe. Upande wa baharini umeshuka. Kiungo anakimbia huku na huku, mguu mmoja unapanda, mwingine unashuka. Goti litakosaje kuuma?

– Mbona wengine hawaumii?

– Wengine hawakimbii!

Giman akatafuna tempe, akarudi na jambo kubwa zaidi.

– Sawa. Na mimi nimeangalia kalenda. Ameumia mara tano. Mara nne ilikuwa siku ya Wage. Siku ya soko ya Wage, katika zile tano zetu za Kijava, Refa! Yeye kazaliwa Pahing, uwanja ulizinduliwa Wage. Siku hizo mbili hazipatani. Hata wachumba wakiwa hivyo, wazazi wanakataa ndoa.

– Na ile mara ya tano?

– Ile alikanyagwa.

– Kwa hiyo unataka nini? Tuiandikie ligi ibadilishe ratiba?

– Kwani wakibadilisha kwa ajili ya mvua, kwa nini wasibadilishe kwa ajili ya Panji?

– Ngoja, ngoja. Refa alisimama kabisa. Na basi la timu je? Umeshawahi kulitazama? Panji ni mrefu, wanamkalisha kiti cha nyuma juu ya tairi. Kutoka hapa mpaka Surabaya magoti yako kidevuni! Anashuka kama ameiva kwa mvuke. Anayemkalisha pale ni nani? Msaidizi wa kocha. Msaidizi wa kocha kwao wapi?

– Wapi?

– Kwa mahasimu wetu!

– Mama yangu! Giman akashika kichwa.

Pak Karmin akaona wamefika alipotaka. Akawasha sigara, akavuta mara moja, akaweka kiganja juu ya meza. Kiganja kipana, chenye vidole vifupi, vinavyonuka mafuta ya nazi hata siku ya Idi.

– Wanangu, mmemaliza?

– Bado kidogo, Refa alisema, ila sema tu.

– Goti la Panji limepona.

Yu Parti akapunguza moto.

– Nilikuwa sitaki kusema, Pak Karmin aliendelea, ingawa alikuwa amekwisha kuwaambia wauza samaki wote, imamu, na kinyozi. Kijana alikuja kwangu mwezi uliopita. Jioni kumi na tatu. Alilala kwenye mkeka wangu, nikamkanda kwa mikono hii. Siku ya kwanza goti lilikuwa kama jiwe. Ya kumi na tatu lilikuwa laini kama tofu. Akaingia uwanjani, mechi nne mfululizo. Tulishinda ngapi?

– Zote nne, Refa alisema kwa heshima.

– Lakini ya tano kachechemea dakika ya ishirini, Giman akadakia.

– Uchovu wa misuli. Umekaa miezi unalala, siku moja ukimbie, hutachechemea? Goti halihusiki. Ningemwuliza, lakini mimi siulizi. Miaka arobaini siulizi mtu panauma wapi. Anayeuliza ni daktari, kwa sababu hajui. Mimi mikono yangu inakwenda yenyewe.

Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na baba yake na babu yake. Mgonjwa analala, mkandaji ananyamaza, mikono inatafuta. Mji mzima ulikuwa na fahari na jambo hilo.

– Basi imekwisha, Refa alisema, akapuliza filimbi kidogo. Runinga, andika. Tawi la Lasem linasema Panji abaki. Goti limepona, Mikono mwenyewe kathibitisha. Apangwe mechi ya Jumatano.

– Nikiandika hivyo kocha atampanga kweli, Giman alisema. Anamheshimu sana Pak Karmin. Dada yake kocha alikandwa hapa.

– Ndiyo maana nakwambia andika!

Giman akaandika. Akasoma kwa sauti, wote wakaitikia. Kidole gumba kilikuwa hewani, bado kugusa alama ya kutuma, pale mtu aliyekuwa ameketi ukingoni mwa benchi la pili alipogeuka. Alikuwa dereva wa lori la chumvi, mgeni, wa kutoka Pati, amepitia kunywa kahawa yake tu. Alikuwa amewasikiliza tangu mwanzo.

– Samahani, kaka zangu. Mimi mgeni, nasikia tu. Ni goti gani?

– La Panji! watatu wakasema pamoja.

– Naelewa. La mguu upi? Kulia au kushoto?

– Kushoto, Refa alisema.

– Kulia, Giman alisema. Ngoja. Akiwa anakuja kwangu, au akiwa anakwenda?

– Akiwa amesimama, bwana!

– Kulia, basi. Au ile siku ya Wage ya pili…

– Mnagombana bure, Pak Karmin alisema kwa utulivu. Mwenye kulishika mnaye hapa. Ni la kulia.

Dereva akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akarudi kwenye kahawa yake. Lakini Giman hawezi kuacha jambo bila kulirudia. Akafungua simu, akatafuta mechi ya juzi, akasogeza mpaka dakika ya ishirini. Panji alikuwa amekaa kwenye nyasi. Mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia goti lenye bandeji.

La kushoto.

– Simu inageuza picha, Refa alisema haraka. Kama kioo.

– Ingegeuza, namba yake mgongoni ingesomeka kinyume. Ona. Kumi na nne, safi kabisa.

Wakatafuta mechi ya kabla yake. Kushoto. Ya mwaka jana. Kushoto. Ile aliyokanyagwa, kushoto.

Hakuna aliyemtazama Pak Karmin. Na kule kutomtazama ndiko kulikomchoma. Alikuwa ameukumbuka mkeka. Aliiona sarongi ya kijana, aliiona mikono yake mwenyewe ikienda moja kwa moja kwenye mguu wa kulia bila kuuliza. Na alikumbuka, sasa hivi, kwamba kijana alivuta pumzi kama mtu mwenye neno. Halafu akalimeza, akasema “Nggih, Mbah,” ndiyo babu, kwa ile sauti ya chini ya mtoto aliyelelewa vizuri. Jioni kumi na tatu. Na kila jioni aliondoka ameinama, akishukuru, akiacha chane ya ndizi mlangoni.

Neno la kujiokoa lilimjia lenyewe. Mshipa wa kulia ndio unaovuta goti la kushoto. Lingetosha. Refa alikuwa amekwisha kufungua mdomo tayari kulikubali, na Giman angelitangaza mpaka Semarang. Jina lake lingebaki palepale. Na Jumatano kijana angeingizwa uwanjani na goti ambalo hakuna aliyeligusa, na angekwenda, maana asingeweza kumkatalia mzee.

– Usitume hiyo, Pak Karmin alisema.

– Pak?

– Usitume. Nimekanda mguu mzima, ule usiouma.

Tempe zilikuwa zinaungua. Yu Parti hakuzigeuza.

– Jioni zote kumi na tatu? Giman akauliza taratibu.

– Zote.

– Na yeye hakusema?

– Angesemaje? Ungekuwa wewe umelala pale na mzee kama mimi anakukanda, ungesema?

Wakafikiri. Refa akatikisa kichwa. Hapana, asingesema. Hakuna mtu Lasem ambaye angesema.

– Lakini lilikuwa laini kama tofu, Giman alikumbusha.

– Lilikuwa laini tangu siku ya kwanza. Lile jiwe nililiongeza mimi.

Giman akapiga paja.

– Subirini! Kwa hiyo mechi zile nne alicheza na goti bovu?

– Bovu kabisa.

– Na tukashinda nne?

– Nne! Refa akaruka.

– Na mimi hapa nasema aachwe? Giman alijigeukia mwenyewe kama hasimu. Mtu anawashinda watu kwa mguu mmoja, anaumia na ananyamaza ili mzee asiaibike, halafu nimwache nimchukue nani? Wa magoti mawili aliyetufungisha kule Kudus?

– Andika, Pak Karmin alisema. Abaki. Goti halijapona. Asipangwe mpaka daktari aseme, na daktari amwulize yeye mwenyewe. Weka jina langu.

– Kwenye “halijapona”?

– Hapo hasa.

Giman akaandika, akasoma, wote wakasema ndiyo, hata dereva wa Pati ambaye hakuwa na tawi. Ujumbe ukaenda. Tawi la Lasem likawa limesema neno moja.

Pak Karmin akanywa kilichobaki kikombeni. Ndipo Refa akakohoa. Akakohoa tena.

– Pak Karmin, usinifikirie vibaya. Maadam tumeshaanza. Hili bega ulilonikanda tangu mwezi wa Ramadhani…

– Limefanyaje?

– Linashukuru sana. Ila lililokuwa linauma ni lile jingine.

Yu Parti akainama nyuma ya jiko, mgongo ukamtetemeka kwa kicheko. Kisha akainuka, akafuta macho kwa ncha ya kilemba chake.

– Na mimi, Pak, ilikuwa shingo. Ulinikanda kiuno wiki mbili. Nilidhani unaijia kwa mbali.

Dereva wa Pati alijifanya anahesabu vijiko. Pak Karmin aliwatazama mmoja baada ya mwingine, watu aliowakanda miaka yote hiyo, watu wenye adabu kupita kiasi. Kisha akasimama, akakunja mikono ya shati mpaka viwikoni, akalipangusa benchi kwa kiganja.

– Refa kwanza, alisema. Vua shati, kaa hapa. Yu Parti ajiandae.

Refa akavua, akakaa. Mikono ya Pak Karmin ilikuwa tayari hewani, nyuma ya mabega yote mawili, haijagusa popote.

– Haya, alisema. Nioneshe kwa kidole.