Mwalimu Kimeu na Zile Arobaini na Tano

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Mwelu, kifungua mimba wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee safari ya maisha yake, ingawa kuna sehemu moja nitakayoisoma kwa aibu.

Mwalimu Josphat Kimeu Maweu alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 kule Mbooni, akasoma huko hadi kidato cha nne, akahitimu ualimu mwaka wa 1975, akafundisha hesabu Magadi, kisha Kajiado, na kuanzia 1991 hapa Kitengela, ambako wengi wenu aliwasahihishia vitabu bila huruma. Alifunga ndoa na mama yetu, Munyiva, tarehe 8 Desemba 1979, wakabarikiwa na watoto wawili, mimi na Roy.

Mnamo Agosti 2003 miguu yake ilianza kuvimba, akawa analala ameketi, na daktari, baada ya kuupiga moyo picha, akatueleza kwamba moyo wenye afya, kila unapopiga, husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo, yaani asilimia hamsini na tano kwenda juu, lakini wa Baba ulisukuma ishirini. Baba alisema hajawahi kushika mkia darasani. Alimeza vidonge, akaacha chumvi, na Julai 2004 kipimo kikasoma arobaini na tano. Daktari alionya kuwa ni dawa zinazoushikilia moyo huo, lakini sisi nyumbani tulisikia tu kwamba amepasi.

Jumapili, tarehe 15 Agosti, alisimama kanisani akashuhudia kwamba amepona, tukapiga makofi, mimi nikiwashinda wote, na tangu hapo aliona kwamba akipatikana akimeza kidonge atakuwa amemfanya Mungu mwongo, kwa hivyo akaacha, nasi tuliziona chupa zimejaa tukanyamaza. Kufikia Januari miguu ilivimba tena, kipimo kikashuka hadi kumi na tano, akavirudia vidonge vilevile, lakini havikumpandisha tena. Alituacha Jumatano, tarehe 9 Machi 2005, siku tatu kabla ya kutimiza miaka hamsini na tatu. Inaniuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotukimbiza hospitalini kwa magari yao, walimu wenzake, na kanisa, ambalo hatulilaumu. Mama yuko na presha, na amekuwa akimeza dawa yake kwa kujificha jikoni, lakini leo asubuhi ameimeza hapa nje, mbele yenu nyote, kwa kikombe cha Baba.

Mwalimu, weka chaki chini, upumzike kwa amani.