Machela Kwenye Stesheni ya Hospitali

Stesheni yetu ya hospitali ina ukuta wa matofali, dirisha la tikiti na benchi refu. Reli haina. Wakati wa kura ya tisini na mbili, mheshimiwa mmoja alituambia treni huenda mahali penye stesheni, nasi tukachanga mabati tukajenga, ili wagonjwa wafike kwa masista mlimani bila kutikiswa na barabara. Mheshimiwa alianguka kura, benchi likabaki. Mimi Leonida, ambaye huniita Dani, yaani bibi, nauza kahawa pale, na wanaume watatu hawabanduki: Maroa, jina la kijiwe Injinia, kwa kuwa aliwahi kupakua magunia kwenye stesheni ya Kisumu, Oyaro, au Bibisii, kwa ajili ya redio yake, na Elkana tunayemwita Sabato, ambaye dini yake inamkataza kahawa, basi hunywa maji moto na kubishana kama mlevi. Mwaka ule wa mvua ya Elnino daraja la magari lilibebwa na maji, likabaki la miguu. Saa mbili asubuhi wanaume wanne walikuja kutoka upande wa Isebania na machela mabegani. Juu yake alilala Matiko, mtu wa rika lao, malaria imempanda kichwani. Wakamtua chini ya dirisha la tikiti, wakamwambia mkewe, Robi: "Tumewafikisha stesheni." Wakarudi kwao. Hawakuuliza kitu. Stesheni ni stesheni.

— Baba, treni inafika saa ngapi? Robi akauliza.

— Inakuja, akasema Injinia. Kaa hapo, mama. Haraka haraka haina baraka.

— Mgonjwa wangu anaongea na watu hawako.

— Hiyo ni joto. Itashuka. Sasa sikia: treni si kwamba imekataa. Chuma ya reli inapikwa, na hii mvua imezima moto. Mimi nimeona reli na macho yangu.

— Uliona magunia wewe! Bibisii akaruka. Reli ilitoka kitambo, omera, ndugu yangu. Ilifika Isebania, mtu akageuza kibao cha njia, ikapitiliza Sirare. Saa hii Watanzania wanaipanda bure.

— Nani alikuambia?

— Redio.

— Redio yako haina betri tangu Krismasi!

— Ilisema kabla ya kuzima.

Robi alilowesha leso kwenye mvua akamwekea mumewe kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa na kahawa ya kuuza. Nikamimina.

— Nyinyi wawili hamjui kitu, akasema Sabato, akipuliza maji yake. Treni imeshakuja. Ilikuja Jumamosi, tuko kanisani. Ikaona stesheni haina mtu, ikarudi.

— Na hao Wakatoliki? Bibisii akauliza. Hao hawakuwa kanisani Jumamosi.

— Walikuwa wamelala. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa mvungu na treni wapi na wapi?

— Ndiyo hapo sasa! Injinia akapiga goti. Iko chini! Wanachimba kutoka Uganda, inapita chini ya ziwa, chini kabisa ya kisiwa cha Mfangano, halafu inaibukia Sori. Ndiyo maana hatuoni reli.

— Na samaki?

— Samaki watakatiwa njia yao.

Wakacheka mpaka Bibisii akakohoa. Nikawajazia tena. Matiko naye alikuwa anamwita mama yake, ambaye Robi alisema alizikwa zamani. Halafu akaacha kuita, akawa anapumua kwa mdomo.

— Mama, Robi akanigeukia, niambie wewe. Reli iko wapi?

— Hakuna reli, mwanangu. Haijawahi kuwa.

— Dani! Injinia akafoka. Usimkatie mtu tumaini. Mgonjwa anahitaji tumaini.

— Anahitaji sindano.

Robi aliangalia dirisha la tikiti, akaangalia njia ya mlimani.

— Kwa miguu ni mbali aje?

— Saa mbili, nikasema. Na machela labda tatu.

— Machela inataka watu wanne, akasema. Mimi ni mmoja.

Bibisii alianza kuzungusha kitufe cha redio iliyokufa. Sabato akasema mgongo wake unajua mvua ikija. Injinia akasema subira yavuta heri, na mara hiyo moja methali ilikaa mahali pake kabisa, kwa mtu asiyetaka kusimama.

Nikabeba sufuria, nikamwaga kahawa yote kwenye matope, na maji moto ya Sabato juu yake.

— Dani, si bado ilikuwa nyingi!

— Imeisha.

Walikaa kidogo na vikombe vitupu, halafu wakaona hakuna tena sababu ya kukaa. Wakainuka. Mimi sikuwashukuru. Ilikuwa inakaribia saa sita. Robi alishika mbele pamoja na Injinia, wale wawili nyuma, mimi nikafuata na mwavuli juu ya uso wa Matiko.

Kwa masista tulifika saa tisa. Wakaitua machela mlangoni. Sista, mwanamke mfupi wa Kisii, alimshika Matiko mkono, akangoja, akamgusa shingo, akangoja tena. Kisha akaurudisha ule mkono kifuani, polepole. Robi akakaa chini kwenye simenti.

— Mwili bado uko moto, akasema sista. Huyu amekata roho njiani, si mbali na hapa. Mlikuwa wapi tangu asubuhi?

Injinia alimwangalia Sabato. Sabato akamwangalia Bibisii, Bibisii akaniangalia mimi, mimi niliyewajazia vikombe mara mbili. Sista akasimama pale akitungoja tumjibu.