Mheshimiwa Claudette Pratt na Barua Zake za Majira ya Joto

Padri Lucien, Wendell na watoto, waheshimiwa wabunge mliotoka Montpelier, watu wa Stannage na vijiji jirani, nanyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, familia imemchagua Odile Rainville, mdogo wa pekee wa marehemu, asome historia hii, naye amekubali. Atajitaja kwa jina, kama atakavyowataja wengine, kwa sababu ndivyo historia hizi zinavyoandikwa, na pia kwa sababu ni nafuu kwake. Ipo sehemu moja ambayo angependa kuiruka, inayohusu shule, na inayohusu sababu ya wengi wenu kuacha kumsalimia marehemu, na leo asubuhi jikoni Wendell alimkuta ameikunja ameiweka pembeni, akamwambia, "Shemeji, isome yote, ama nipe mimi niisome." Odile akasema atasoma. Basi mkimwona amesita, mjue ameifikia.

Mheshimiwa Claudette Marie Rainville Pratt alizaliwa tarehe 11 Machi 1953, nyumbani kwa wazazi wake, Aurèle na Simone Rainville, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa juu ya kilima cha Stannage, siku ambayo theluji ilikuwa imefunga barabara na mkunga akaletwa kwa trekta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili. Mama yao alikuwa akisema kwamba huyu alitoka tumboni na wasiwasi wake tayari, kwani hata kabla hajajua kutembea alikuwa akitambaa hadi mlangoni kuangalia kama umefungwa, na hakuacha tabia hiyo maisha yake yote, sisi sote tumewahi kukaa garini tukimngoja arudi ndani mara ya tatu kutazama jiko.

Alianza masomo Septemba 1959 katika Shule ya Kijiji ya Stannage, yenye vyumba viwili na kengele moja, akamaliza darasa la nane Juni 1967, kisha akaendelea na sekondari mjini Wexley, alikohitimu Juni 1971 akiwa wa pili, nafasi ambayo ilimkera mpaka uzeeni. Mdogo wake alimfuata katika shule hiyo hiyo ya kijiji, na akarudi kufundisha pale kuanzia mwaka 1984 mpaka ilipofungwa.

Aliajiriwa katika posta ya Stannage tarehe 2 Aprili 1973, na hapo dirishani ndipo alipompata mume, Wendell Pratt, dereva wa gari la kukusanya maziwa, ambaye alikuwa akipita kila siku kununua stempu moja, moja tu, mpaka watu wakaanza kuulizana huyu bwana anamwandikia nani. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 14 Septemba 1974, wakajaliwa watoto wawili, Denise, aliyezaliwa mwaka 1976, na Gordon, aliyezaliwa mwaka 1979, pamoja na wajukuu watatu ambao bibi yao hakuwaruhusu kuogelea mtoni kabla yeye mwenyewe hajaingia na kupima kina kwa fimbo.

Tarehe 5 Novemba 1996 alichaguliwa kuwa mbunge katika bunge la jimbo letu la Vermont, na mwezi Juni uliofuata akatoa barua yake ya kwanza ya majira ya joto, karatasi moja, mbele na nyuma, ikabandikwa posta, maktaba, mlangoni pa duka la Hazen na kwenye kibanda cha dampo. Ilikuwa na kila kitu, daraja gani linafungwa kutengenezwa, nani ametimiza miaka tisini, mbwa watachanjwa kichaa siku gani, zimamoto wetu wa kujitolea watachoma kuku wa harambee yao Jumamosi ipi, maktaba itauzia wapi vitabu vikuukuu mvua ikinyesha, na mambo ya bungeni aliyaweka chini kabisa kwa herufi ndogo, maana alijua yanasomwa na watu wangapi. Mwaka 1999 alikosea tarehe ya kuku. Watu themanini wakafika na njaa zao wakati kuku wako kwenye friza, wagumu kama mawe, Elwin Tate wa zimamoto akawalisha mkate na achari, na Claudette akakaa siku mbili chakula hakipiti. Tangu hapo akajiwekea sharti kwamba haandiki tarehe ambayo hajaisikia kwa mdomo wa mwenye shughuli, akawa anapiga simu nyumba kwa nyumba, hata kwa watu waliokwisha kumwandikia, hadi bibi wa maktaba akachoka akamwambia, "Claudette, nimekuandikia, nimekupigia, sasa unataka nije niape?" Naye akajibu, "Ungekuja ningelala vizuri zaidi."

Kila Jumamosi asubuhi alifungua kiti chake cha kukunja pale dampo, karibu na pipa la chupa, kwa sababu Stannage kila mtu hupeleka takataka zake mwenyewe, na hapo ndipo mbunge anapopatikana bila miadi. Elwin, ambaye dampo nalo liko chini yake, alimpokea kwa swali lile lile, "Mheshimiwa, leo umeleta takataka au muswada?" na watu walipanga foleni kumweleza mashimo ya barabarani, na bima, na jirani mwenye jogoo asiyejua saa.

Sasa tumefika.

Mwaka 2018 bungeni kulikuwa na muswada wa kuunganisha shule ndogo, na Claudette alikuwa amewaahidi watu wa Stannage, pale pale dampo, kwamba ataupinga. Tarehe 9 Mei akaupigia kura ya ndiyo, ukapita, na shule yetu ikafungwa Juni 2019. Tarehe 22 Mei 2018 ukumbi wa mji ulijaa hadi nje, watu wakapaza sauti, na Odile, mwalimu wa shule hiyo kwa miaka thelathini na nne, akasimama, akalia, akasema, "Hata dada yangu wa tumbo moja ametuuza," nanyi mkampigia makofi. Claudette alikuwa ameketi mstari wa tatu, akamtazama mdogo wake, akafungua mkoba, akaufunga. Barua yake ya mwezi uliofuata ilikuwa na sentensi mbili kuhusu jambo hilo, kati ya chanjo ya mbwa na kuku wa zimamoto, "Nilivunja ahadi yangu kuhusu shule. Uamuzi ulikuwa wangu peke yangu." Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili ni uongo, na ndio uongo pekee aliowahi kuuchapisha.

Jumapili ya tarehe 15 Aprili 2018, baada ya misa, Odile alikwenda nyumbani kwa dada yake akiwa na daftari la mahudhurio. Septemba iliyokuwa inakuja shule ingebaki na watoto tisa kwa madarasa sita, msichana mmoja alikuwa peke yake darasani kwa mwaka wa tatu na alikuwa ameanza kukisemesha kiti cha pembeni yake, na mwalimu wao alikuwa amekwisha, usingizi hapati, Jumatatu anaiogopa. Odile akasema, "Dada, siwezi tena. Wale watoto wanakua wapweke. Piga kura ifungwe, ila nakuomba usinitaje, hawa watu watanimaliza." Claudette akayasoma majina yale tisa mara mbili, kwa kidole, akauliza, "Una hakika?" Odile akasema ana hakika. "Basi hutatajwa," akasema, na hakumtaja, hata kwa mumewe, mpaka wiki mbili kabla ya kufariki kwake.

Mtauliza, kama ni Odile aliyeomba, kwa nini basi alisimama ukumbini akalia. Amejiuliza miaka saba. Aliogopa. Watu wote walikuwa wamemgeukia yeye, mwalimu, wakingoja atasema nini, na hofu ikamfungua mdomo kabla ya akili. Baada ya hapo hakuweza tena kumtazama dada yake usoni, akawa akimwona dukani kwa Hazen anatokea mlango wa nyuma, nanyi mkadhani ni hasira, mkamsifu kwa msimamo, naye akazipokea sifa zile.

Stannage haikumpa Claudette ushindi tena, alirudi bungeni kwa kura za vijiji vingine. Pale dampo watu walianza kuzungukia upande wa makopo ili wasipite mbele ya kiti chake, kuna Jumamosi alikaa saa tatu nzima bila mtu isipokuwa Elwin, na hata hivyo Jumamosi iliyofuata alikuwepo. Alihamia misa ya Wexley ili asimbane mdogo wake. Lakini chakula cha jioni cha matunda ya stroberi, ambacho kanisa hili huwaalikia watu kila Juni, huandaliwa na Odile, na sharti la tarehe lilikuwa pale pale, kwa hiyo kila mwaka, Jumapili moja ya mwanzo wa Juni, aliingia hapa kimya, akakaa kiti cha mwisho, akasubiri Odile asome matangazo, akaiandika tarehe kiganjani, akaondoka kabla ya wimbo. Odile alikuwa akimwona. 

Januari mwaka huu Mheshimiwa alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, na tarehe 18 Februari madaktari wakagundua kwamba ana saratani ya kongosho, akatibiwa hadi katikati ya Mei, kisha akaomba arudishwe nyumbani, kitanda kikawekwa chumba cha kulia chakula, karibu na simu. Huko ndiko alikoandika barua yake ya ishirini na tisa, roho juu, akihofia kwamba mauti yatamkuta haijaisha, na tarehe zote zikathibitishwa isipokuwa moja, ya stroberi, kwa kuwa kanisani hakuweza kufika. Tarehe 8 Juni alimpigia Odile mara tatu. Odile aliiona namba, akasimama mkono juu ya simu mpaka ikanyamaza. Tarehe 10 Wendell akafika na viatu vyake vya zizini, hakukaribia hata kiti, akasema, "Hataki mengine. Anataka tarehe. Mpe mtu tarehe yake, Odile."

Akaenda. Claudette alikuwa na kalamu tayari. "Lini?" "Jumamosi tarehe 28." "Saa ngapi?" "Kumi na moja jioni." "Mvua ikinyesha?" "Ukumbi wa chini." Akaandika, akasoma alichoandika, akaweka kalamu. Odile akajaribu kusema la daftari, machozi yakamzuia, na Claudette akamshika kifundo cha mkono, akasema, "Mimi nililibeba kwa hiari yangu, mdogo wangu, wala halikunilemea. Ninayemhofia ni wewe. Nikiondoka, utabaki nalo na nani?" 

Barua ilitoka Jumatatu tarehe 16 Juni, bila kosa hata moja. Mheshimiwa Claudette Pratt alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe na watoto wake wakiwa kando ya kitanda, na mdogo wake akiwa jikoni akimjibu mpiga kura aliyetaka kujua kama paka nao watachanjwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliokuwa wakija nyumbani na kukubali kuulizwa swali moja mara nne, majirani walioleta supu na mikate mpaka meza ikajaa, wabunge wenzake wa pande zote mbili, na Elwin Tate, aliyekaa naye Jumamosi zote zile. Inawashukuru pia ninyi mliokuwa mkipitia upande wa makopo, kwa kuwa leo mmekuja.

Hapa naomba niache kujiita Odile. Mlimnunia mtu kwa jambo nililomwomba mimi, na nilikuwa nawaona mkimnunia, na nilinyamaza, naogopa hata sasa ninapolisema. Kuanzia leo mwenye hasira juu ya shule aje kwangu, nyumba ya kijani mkabala na posta, nitakuwepo. Dada yangu, jinyooshe upumzike, hawatakuja kwako tena.