Betri za Mwalimu Kiula

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, katika basi la kutoka Kiomboi kwenda Singida, nyuma yangu walikaa watu wazima wawili wakigombania mguu wa mtu ambaye hawajapata kumwona. Mwalimu Kiula na Bwana Shamba Msengi walikuwa wamejigawia wanasoka wa Dar es Salaam kwenye daftari, kila mmoja na wake kumi na mmoja. Yule ambaye wachezaji wake wamefunga mabao machache zaidi wiki hiyo, anamlimia mwenzake zamu ya shamba la kijiji.

“Jumatano ulinipa Hemedi, ukachukua washambuliaji wangu wawili,” alisema Mwalimu. “Na ulijua kavunjika mguu.”

“Redio ilitangaza Jumanne, nchi nzima ikasikia. Wewe hukusikiliza.”

“Ningesikilizaje, Bwana Shamba? Betri zangu nilikuazima wewe, uliposema unangoja tangazo la msiba wa shemeji yako.”

Tukavuka korongo la pili.

“Na tangazo lilisomwa,” akasema Bwana Shamba. “Baada ya habari za mpira.”

“Basi nirudishie betri zangu.”

“Zimekwisha. Nasikia dukani kwa Valimohamed, pale Singida, zimeletwa, ila chache.”

 Nikasikia mmoja anakaza kamba za viatu, kisha na wa pili. Basi liliposimama Singida walisukumana wakiwahi kushuka, wala hawakuagana.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na redio yangu ilikuwa imenyamaza tangu Pasaka.